Picha ya Mtoto wa Mwenzangu

Kamina, 14 Machi 1999

Yaya Clotilde,

Dada yangu mkubwa, ninaandika nikiwa nimempakata Élisha mwanangu. Ukiona mstari umepanda juu, ujue mtoto amevuta kalamu. Amelala vibaya, na mama yake vilevile.

Rubani wa misheni atakupa disketi pamoja na barua hii. Ndani mna picha za watoto walioshuka kwenye treni ya Kabongo, na wengine waliotembea kwa miguu kutoka upande wa Malemba-Nkulu, bila mama, bila baba, bila jirani wa kusema huyu ni wa nani. Tunawalaza katika darasa nyuma ya kanisa.

Unamkumbuka yule mama mgeni wa misheni? Vita ilipokaribia aliondoka, akaniachia kamera yake isiyotumia filimu. Alinionyesha haraka-haraka: disketi inaingia hapa, kidole kinabonyeza hapa, picha unaiona palepale kwenye kioo kidogo cha nyuma. "Utajifunza," akasema, akapanda ndege. Pasta wenu anasema huko Lubumbashi mna kompyuta, mtazichapa na kuzibandika ukutani, maana wakimbizi wengi wamefika kwenu na labda mama fulani atamwona mwanawe. Kwa kuwa mimi ndiye niliyeonyeshwa, basi mimi njo fundi.

Nimefanya vizuri, yaya. Kwanza nimewaogesha wote. Nimewanyoa, chawa walikuwa wengi mno. Nimewapaka mafuta, nikawavika nguo nyeupe za watoto wa kwaya. Mtoto wa mwenzako huwezi kumpiga picha na uchafu wa njiani. Mama yake akimwona hivyo atauliza sisi wa Kamina ni watu gani. Nimewasimamisha mbele ya ukuta wa kanisa tuliopaka chokaa Noeli, jua likiwa juu kabisa, ili waonekane. Mikono chini, macho mbele. Hakuna aliyecheka.

Kuna mmoja hasemi neno. Msichana, labda wa miaka minne, aliyekuja na shati la mwanaume. Tunamwita Ève, kwa sababu mtu lazima aitwe kitu.

Niambie kama zinaonekana.

Mdogo wako,
Noémie

&nbsp;

Lubumbashi, 21 Machi 1999

Mama Élisha, mdogo wangu,

Zinaonekana nguo. Ukuta wa kanisa pia unaonekana, mweupe kama meno. Lakini juu ya kila kanzu kuna kipande cha makaa. Karani mwenzangu wa ofisi ya kanisa aliangalia, akauliza, "Yaya, bale batoto habana sura?" Nilicheka, kisha nikaona aibu ya kucheka.

Nimekaa na kitabu cha kamera, ambacho pasta alikuwa nacho hapa ofisini. Kosa si lako, ni la ukuta. Kamera haijui kwamba unatafuta uso. Inaona weupe mwingi, inadhani mwanga umezidi, inajifunga jicho, na uso mweusi unazama gizani. Ondoka kwenye chokaa. Ondoka na jua la mchana. Watoe asubuhi, uwaweke kivulini kando ya paa, nyuma yao pasiwe na kitu cheupe. Wewe mwenyewe piga magoti, macho yako yalingane na yao, maana ulivyosimama umewapiga picha vipara. Sogea mpaka uso ujaze kioo. Viwiko vibane mbavuni ili mkono usitikisike. Halafu bonyeza nusu tu, ungoje, ndiyo umalize: ile mashini inachelewa kufikiri, na mtoto hangoji. Ikiwa mbaya, ifute palepale, upige nyingine.

Mumeo Ézéchias hajambo? Nilimwandikia shemeji yangu na hajanijibu. Mwambie asinichezee.

Yaya yako,
Clotilde

&nbsp;

Kamina, 4 Aprili 1999

Yaya,

Disketi unayopata leo ni ya pili kuijaza tangu barua yako. Ile ya kwanza imevunjwa.

Nilifanya ulivyosema. Niliwatoa asubuhi, nikatafuta mahali pasipo chokaa, nikapata nyuma ya darasa ambapo kuna uwazi tu. Nilipopiga magoti na kuweka kamera jichoni, Ève alilala chini kifudifudi, mikono juu ya kichwa. Wenzake walicheka, halafu wakaacha kucheka. Nikaelewa ameona nini. Nikamwekea kamera mapajani, nikamwachia abonyeze. Akapiga picha ya mguu wangu. Akaiona kwenye kioo, akautazama mguu, akakitazama kioo tena. Baada ya hapo alikubali kusimama.

Basi nilikuwa nimepata nyuso, yaya, nyuso kamili, hata kope. Ndipo askari akatokea kwenye ua.

"Mama, weye iko nafanya nini na kile kintu?"

"Minapiga batoto foto, baba."

"Leta."

Akabonyeza moja baada ya nyingine. Élisha alikuwa mgongoni, akaanza kulia.

"Huyu iko muzuri. Na hii, nyuma ya sikio yake, njo nini?"

Ilikuwa ndege yao, imeshuka chini ikienda base, kambi yao ya jeshi. Sikuiona. Nilitafuta uso tu, nyuma ya uso sikuangalia.

"Nani alikutuma? Bale baasi ba ngambo?"

"Minyi sitafuti ndege, baba. Minatafuta bamama ya hawa batoto."

Akaitoa disketi, akaiweka chini, akaikanyaga kwa kisigino mpaka ikapasuka. Kamera akanirudishia. "Siku ingine nitabeba kintu, na weye mwenyewe nitabeba."

Kwa hiyo sasa natundika blanketi kuukuu ya kahawia ndani ya baraza, nafunga lango, na mtoto anakaa mbele ya blanketi. Nyuma yake hakuna nchi tena. Lakini mwanga unatosha, na uso unatoka vizuri. Utaona.

Bado nawaogesha kwanza.

Noémie

&nbsp;

Lubumbashi, 18 Aprili 1999

Mdogo wangu,

Nimeita watu waje kuona! Hata wa studio mjini hawapigi hivi. Ngozi inang'aa, macho yanakutazama mpaka unataka kusalimia. Tumezibandika kwenye ukuta wa kanisa, na wamama wanapita kila siku.

Sasa sikia. Mke wa mwalimu mmoja wa Malemba-Nkulu, jina lake Élisa, alifika mbele ya picha ya Ève, akaanguka. "Shekina! Shekina yangu!" Tukamwagia maji. Tukafurahi, tukaimba. Kesho yake akaja mwanamke mwingine, Hawa, watu wao asili ni Maniema, alikuwa akiuza samaki Kinkondja. Yeye hakuanguka. Alisimama tu, akaweka kiganja juu ya picha, juu ya mashavu, kama mtu anayepima homa. "Njo Fadhila yangu," akasema. "Mulimupata wapi?"

Tuliwauliza wote wawili kuhusu alama za mwili. Hana kovu, wanasema. Tuliwauliza nguo. Kila mmoja akataja gauni lake, lakini wewe ulisema Ève alikuja na shati la mwanaume.

Pasta amekata shauri: Élisa ni wa kanisa letu, tunamjua, na ndiye aliyetangulia kuja. Rubani atakuja na nafasi ya mtoto safari ijayo. Mwandae. Nimekuwekea picha yake iliyochapwa, uone kazi yako.

Ézéchias bado hanijibu.

Clotilde

&nbsp;

Kamina, 25 Aprili 1999

Yaya Clotilde,

Mtoto simpandishi ndege.

Nimeitazama picha uliyoniletea. Ni nzuri kuliko zote nilizopiga, na ndiyo inayonitisha. Kichwa kimenyolewa, ngozi imepakwa mafuta, kanzu ya kwaya, blanketi nyuma. Kitu gani hapo ni cha Ève? Kila kitu hapo ni changu. Nimemtengeneza akawa mtoto msafi, mzuri, wa yeyote. Mimi mwenyewe ningekuwa nimepoteza msichana, ningeanguka kama Élisa.

Alipofika alikuwa na nywele, yaya. Zilikuwa zimesukwa kwa uzi mweusi, nusu zimefumuka, mistari inaanzia sikio la kushoto inazunguka kisogo kama njia. Sijawahi kuona mwanamke wa hapa akisuka hivyo. Mkono wa mama yake ulikuwa pale kichwani, nami nikaukata kwa wembe na kuutia motoni, nikidhani namwokoa na chawa.

Tangu juzi wakija wengine nawapiga picha kabla ya maji. Na vumbi, na kamasi, na kitambaa walichokuja nacho. Wamama wa kanisa wananinung'unikia kwamba nawaaibisha watoto. Waninung'unikie.

Lakini kuhusu Ève sijui nifanye nini, na mpaka nijue, hatoki hapa.

Noémie

&nbsp;

Lubumbashi, 2 Mei 1999

Noémie,

Pasta amekasirika. Élisa anakuja kukaa kwenye ngazi za ofisi asubuhi mpaka tunafunga. Hawa anakaa ng'ambo ya barabara. Hawasalimiani, na nilipowauliza juu ya uzi wa nywele, kila mmoja alisema ndivyo alivyosuka. Mimi ndiye ninayepita katikati yao na funguo.

Rubani anasema mapigano yamesogea, na hajui kiwanja cha Kamina kitabaki wazi mpaka lini. Anasema na mengine. Anasema Ève analala nawe mkeka mmoja, anakula sahani moja na Élisha, ukienda sokoni unambeba yeye mgongoni na Élisha kifuani. Haya yote hukuniandikia. Umeniandikia habari za wembe na uzi.

Mimi ni yaya yako, sitazunguka. Unataka mtoto abaki. Sema tu.

Nimewapeleka wale wanawake wawili studio kwa pesa ya ofisi. Picha zao hizi hapa. Mwonyeshe mtoto, achague, tumalize. Sikuandika majina, usije ukasema namsaidia pasta.

Na Ézéchias anasemaje juu ya mtoto huyu? Au yeye hukumwuliza?

Clotilde

&nbsp;

Kamina, 5 Mei 1999

Yaya,

Ndiyo, analala nami. Peke yake anapiga kelele bila kuamka, anawaamsha wenzake. Ndiyo, anakula na Élisha. Na jana alinishika sketi nikiwa nachota maji, nikasikia moyo ukisema: abaki. Hilo nalo nimeliandika sasa, ulisome.

Ézéchias hayupo. Askari walimchukua mwezi wa pili kwa sababu ni muuguzi, wakampeleka Malemba-Nkulu kwa majeruhi wao. Tangu hapo sijapata neno, si zuri si baya. Sikukuandikia kwa sababu ungemwambia mama, na mama angeshika njia kuja huku katikati ya vita. Sasa unajua. Mfiche mama wewe pia.

Kwa hiyo usinifundishe jinsi mtu anavyotamani uso. Kesho mtu akinionyesha picha ya mwanaume amenyolewa, amepakwa mafuta, amevaa nguo ya serikali, nitasema ni Ézéchias, nitaapa mbele ya pasta. Njo maana siwaamini wale wamama wawili. Si kwamba wanadanganya. Na mimi mwenyewe sijiamini, kwa hiyo mtoto ndiye atakayesema, hata kama hasemi.

Picha za studio nilimwonyesha. Yaya, mliwafanya nini? Wote wawili na wigi moja, ile ya studio! Poda mpaka shingoni, maua ya plastiki, mikono imekunjwa kama wanangoja kuzikwa. Alizitazama kama anavyotazama kalenda, akampa Élisha, na Élisha akatafuna kona.

Mmefanya kosa langu. Basi nakuletea kamera kwa mkono wa rubani. Nenda kwao bila kuwaambia. Ukimkuta mtu anafanya kazi, asivue kanga, asinawe, asifunge kilemba upya. Chuchumaa mbali kidogo, mikono yake ionekane na kile anachokishika, kwa sababu mtoto mdogo anamjua mama yake kuanzia chini. Moshi uwe pembeni yako, usiwe mbele ya kioo. Ongea naye mpaka asahau kamera, na usimwambie "tabasamu." Bonyeza nusu, ungoje. Ulinifundisha mwenyewe.

Disketi iache ndani, uirudishe kamera yote. Inaweza kuonyesha picha kwenye kioo chake. Na usiniandikie yupi ni yupi. Nikijua, uso wangu utamwambia mtoto.

Noémie

&nbsp;

Lubumbashi, 16 Mei 1999

Mdogo wangu,

Unisamehe. Kuhusu Ézéchias sitaandika kitu hapa, kwa sababu nikianza sitamaliza. Mama hajui.

Kamera inarudi kwako. Wa kwanza nilimkuta anasonga bukari ya unga wa mahindi. "Ee Mama Clotilde, ngoja nivae!" Nikamwambia bukari itaungua. "Weye na kile kintu yako, utoke ku mulango, unanifungia mwanga!" Akanitishia mwiko. Picha zangu za kwanza zilikuwa moshi mtupu, nikazifuta. Halafu akasahau kuwa nipo, akashika sufuria kwa miguu, akasonga.

Wa pili alikuwa akipanga makaa ya kuuza mlangoni, vifungu-vifungu. Nilipochuchumaa alisema nitachafua sketi. Hakuangalia kamera hata mara moja. Anaongea na makaa.

Rubani anasema safari hii ndiyo ya mwisho, asipopata ruhusa nyingine. Hatazima hata injini muda mrefu. Kama mtoto hatamjua yeyote, pasta atamfuata yeye mwenyewe kwa njia anayoijua, na wewe hutaweza kumzuia. Kwa hiyo angalia vizuri, Noémie.

Clotilde

&nbsp;

Kamina, 23 Mei 1999

Yaya,

Rubani amesimama mbele yangu, ananihesabia pumzi. Naandika kwa ufupi.

Nilimketisha kwenye dawati, nikakaa nyuma yake asinione uso. Nikaanza na yule wa makaa. Alitazama. Alitazama sana, yaya. Akagusa makaa kwa kidole. Akasukuma kamera polepole, kama mtoto aliyeshiba anavyosukuma sahani.

Nikabonyeza. Ikaja ya bukari.

Hakufanya kitu. Nikasema moyoni, basi, hakuna. Halafu akaichukua kamera kwa mikono miwili, akaigeuza. Akaangalia upande wa pili. Akaangalia chini yake. Akaigeuza tena, mama akawa bado yupo, anasonga. Uso ukaanza kukunjamana, si kulia, ni hasira, hasira ya mtoto aliyeachwa nyuma.

"Mama iko napika," akasema. "Na minyi?"

Njo mara ya kwanza nasikia sauti yake. Ni nzito kuliko nilivyodhani.

Anakuja. Mpeleke kwa yule wa bukari, awe yeyote. Nimemvika lile shati alilokuja nalo. Hakulia wala hakunishika, alikuwa ameshaanza kwenda.

N.

&nbsp;

Lubumbashi, 30 Mei 1999
(kwa treni)

Noémie mdogo wangu,

Ni Élisa. Jina lake ni Shekina, kama Élisa alivyosema tangu siku ya kwanza. Uwanjani mtoto alishuka, akamwendea bila kukimbia, akasimama mbele yake, akauliza, "Bukari iko wapi?" Élisa alikuwa ametayarisha maneno mengi. Alikaa chini, kwenye lami, akamshika miguu.

Pasta anasema, "Niliwaambia." Anasema tumemchosha mama wa watu na kuhatarisha ndege kwa jibu alilokuwa nalo tangu mwanzo.

Na Hawa alikuja uwanjani. Sikumwalika, wala sikuwa na moyo wa kumkataza. Nilidhani atapiga kelele. Alimtazama mtoto akitembea, akaziona hatua zake, akasikia sauti. Akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Sasa minajua," akasema. "Haikuwa yangu."

Nikatafuta neno la kumpa. Yeye ndiye aliyenipa.

"Ile foto yangu ya makaa, iko ndani ya mashini yenu kule Kamina?"

"Iko, mama."

"Musifute. Muonyeshe batoto banaofika. Hata kama Fadhila hajaniona na makaa, sura njo hii."

Clotilde

&nbsp;

Kamina, 9 Juni 1999

Yaya Clotilde,

Mwambie pasta, kwa heshima, kwamba alisema kweli bila kuijua. Ningempandisha mtoto ndege siku ile, Élisa angempata, ndiyo. Lakini Hawa angeishi miaka yake yote akipita mbele ya nyumba ya mwalimu na kusema mle ndani yumo mwanangu. Na asingemtafuta tena Fadhila mahali pengine. Hiyo nayo ni kumpoteza mtoto mara ya pili. Kama tumechelewa, tumechelewa kwa ajili ya Hawa.

Mkeka umekuwa mpana. Élisha amezoea, mimi bado.

Disketi imejaa, nimefuta picha zangu nyingi nzuri, za kanzu nyeupe. Ya Hawa sikuigusa. Sasa nafanya hivi: treni ikiingia nasimama mwisho wa jukwaa, mbali na askari, blanketi nimeitundika kwenye ukuta wa ghala. Kabla sijampiga mtoto picha, kabla hata ya kumpa maji, nachuchumaa, nageuza kamera, namwonyesha mwanamke anayepanga makaa. Wengi wanatazama na kunyamaza. Mmoja jana aliniuliza, "Huyu anauza bei gani?" Nikacheka peke yangu mpaka nyumbani.

Natazama na wanaume wanaoshuka, yaya. Nawatazama mikono kwanza.

Honi imelia upande wa Kabongo. Batri imejaa, Élisha yuko mgongoni. Naifunga barua hapa, wameanza kushuka.

Noémie